Natua Dubai na mama yangu: kutoka uwanja wa ndege tufikeje Deira?

BintiLangoni

Assalamu alaykum jamani. Naomba msaada kwa wanaoijua Dubai.

Mimi ni mkaazi wa Lamu, nina duka dogo Langoni. Nauza madira, mitandio, udi na mapambo ya chumba cha bibi harusi. Mzigo wangu siku zote naletewa na watu wa Mombasa, na kila unapopita mkono wa mtu bei inapanda, hata ukifika kwangu faida yake haionekani. Nimeweka pesa pole pole na sasa nataka kwenda mwenyewe kabla msimu wa harusi haujaanza. Mama amesema haniachi niende peke yangu, basi tunakwenda wote wawili.

Safari ya huku haina shida. Tunavuka kwa boti mpaka Mokowe, tunapanda basi mpaka Mombasa, tunalala kwa khalati, kisha ndege. Kinachonitia wasiwasi ni tukishatua. Binamu yangu amenitafutia mtu wa kuja kutupokea kwa gari, anataka dirhamu 150. Nimepiga hesabu kwa shilingi nikaona ni zaidi ya elfu tano. Mwengine kaniambia kuna treni inayoanzia hapo hapo uwanjani na bei yake ni ndogo sana.

Mama ana magoti. Anatembea vizuri lakini pole pole, na ngazi zinamchosha. Tutakuwa na begi moja moja, na kwa kuwa tunakwenda kununua, yatakuwa karibu matupu. Hoteli bado sijalipa. Kuna moja nimetumiwa picha, chumba kisafi na bei nzuri, ila sijui iko upande gani wa mji.

Je, hiyo treni inamfaa mtu wa umri wa mama? Na siku za kuzunguka masokoni tutumie usafiri gani?

KakaMtwapa

Wa alaykum salam. Dada, usijisumbue. Toka nje, simama kwenye foleni ya teksi rasmi, zina mita. Una mama na mabegi, treni ya nini? Ila hiyo 150 usikubali, si bei hiyo.

UmmuKauthar_Malindi

Wa alaykum salam warahmatullah. Bibie, Mungu akufungulie biashara yako. Mimi niko Malindi, nauza nguo za watoto na mashuka, na Deira, mtaa wa masoko wa Dubai, ni njia yangu kwa miaka mingi. Nitakueleza kwa urefu maana jambo hili linaniuma: wanawake wetu wengi wanaofuata mzigo Dubai, pesa zao huliwa njiani kabla hawajatia mguu sokoni. Teksi asubuhi, teksi mchana, teksi usiku, na mtu wa kuwapokea, na mtu wa kuwazungusha. Ukijumlisha ni bei ya robota zima la mitandio.

Kwanza kabisa, hiyo hoteli usiilipe. Watu huchagua hoteli kwa picha na bei, halafu ndipo wanauliza usafiri. Wewe anza na kituo cha metro, yaani hiyo treni uliyoambiwa, kisha utafute hoteli iliyo karibu nacho, ya kutembea dakika tano kwa mwendo wa mama, si kwa mwendo wako. Hoteli rahisi iliyo mbali na kituo si rahisi. Kile ulichookoa kwenye chumba unakitoa kwenye teksi kabla hata ya siku ya tatu.

Kwa bidhaa ulizozitaja, soko lako liko Deira, na kituo kinachoingia katikati yake ni Baniyas Square. Ukitoka pale soko la Naif unalifikia kwa miguu, na Murshid Bazar kwenye vitambaa na nguo za jumla pia ni kwa miguu. Kituo kinachofuata ni Gold Souq, kinachofuata tena ni Al Ras, na huko ndiko kwenye soko la viungo, ubani na udi. Kwa hiyo wengi watakwambia lala Baniyas Square, na mimi mwenyewe hulala huko.

Lakini kwa ajili ya mama nakwambia lala karibu na kituo cha Union. Sababu ni hii. Metro ina njia mbili, nyekundu na kijani. Uwanja wa ndege uko kwenye nyekundu, masoko yako kwenye kijani, na zinakutana Union na BurJuman tu. Ukilala Baniyas Square, siku ya kufika lazima ubadilishe treni Union, na Union ni kituo kikubwa cha chini ya ardhi. Kutoka njia moja mpaka nyengine ni mwendo, na nyakati za watu kwenda na kurudi kazini kimejaa. Mtu aliyetoka Lamu kwa boti, basi na ndege, magoti yanamuuma, usimpitishe mule na begi. Ukilala karibu na Union unapanda treni moja tu kutoka uwanjani, unashuka, unatoka. Na kesho yake sokoni ni kituo kimoja. Mkiwa mmelala na kupumzika, bila mabegi, kupanda hiyo njia ya kijani hakuna uzito wowote.

Sasa metro yenyewe. Terminal 1 na Terminal 3 zina kituo chake hapo hapo. Ukishachukua mabegi na kutoka, fuata vibao. Lifti zipo, ngazi za umeme zipo, na vituo vyote vina baridi ya kiyoyozi. Vibao vimeandikwa Kiarabu na Kiingereza, basi mama kama alisoma chuoni, yaani madrasa, atavisoma mwenyewe, na mkipotea kidogo yeye ndiye atakayewaongoza.

Kabla ya geti kuna dirisha la tiketi. Omba kadi ya Nol ya Silver. Ni dirhamu 25, na ndani yake mna 19 za kusafiria. Nunua mbili, yako na ya mama, maana kadi moja haipitishi watu wawili. Watu wanajaribu kupita wawili wawili kisha wanasimamishwa, na asiyelipa nauli faini yake ni dirhamu 200. Geti linafunguka ukigusisha kadi, na ukifika unagusisha tena wakati wa kutoka. Hapo ndipo nauli inakatwa. Mji umegawanywa kwa zoni: ukibaki ndani ya zoni moja ni dirhamu 3, zoni mbili zinazopakana ni 5, zaidi ya hapo ni 7.50. Linganisha na hiyo 150 ya yule mtu.

Kwenye mageti kuna moja pana, la wenye mabegi na viti vya magurudumu. Piteni hilo. Mama atangulie mkono mtupu, agusishe kadi yake, apite bila haraka. Wewe nyuma yake na mabegi yote mawili. Ukimtanguliza mwenye begi, geti linafungwa na mmoja amebaki upande huu na mwengine upande ule, na mtu mzima akiachwa peke yake katikati ya umati roho inamruka.

Juu kwenye sehemu ya kusubiri kuna ukuta wa vioo, milango yake inafunguka treni ikishasimama. Usipande ile inayokwenda Centrepoint. Hiyo inakupeleka upande mwengine. Panda inayoelekea mjini. Kutoka Terminal 3, Union ni kituo cha tano. Mwambie mama mapema kwamba treni haina dereva, inajiendesha yenyewe, asije akaingia behewa la mbele akaona kioo kitupu akaanza kusoma shahada.

Tafuteni behewa la wanawake na watoto, lina alama ya pinki. Mwanamume akiingia humo anapigwa faini, kwa hiyo hata treni ikijaa mama hatabanwa na wanaume. Na humo ndani msile wala msinywe chochote, hata chingamu, faini ni dirhamu 100. Mama akisikia kiu, maji anywe kabla ya kupita geti.

KijanaWaWiyoni

Shikamoo Bi Ummu, umesema kweli tupu. Dada BintiLangoni, mimi ni wa Wiyoni, nafanya kazi hotelini hapa Dubai, na abiria kama nyinyi nawapokea kila siku mapokezi. Niongeze machache.

Tazama tiketi yako imeandikwa Terminal gani. Yote aliyoeleza Bi Ummu ni ya Terminal 1 na 3. Terminal 2 haina kituo cha metro, na iko upande wa pili wa uwanja. Ukitua hapo na mzee, teksi moja kwa moja.

Pili, metro hailali macho. Jumatatu mpaka Alhamisi na Jumamosi inaanza saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku. Ijumaa inasogea mpaka saa saba usiku. Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Hii ya Jumapili inawatesa wengi, wanakaa sakafuni nje ya geti na mabegi yao.

Tatu, kadi hiyo hiyo ya Nol mtaingilia kwenye basi. Pesa taslimu dereva hapokei. Kwenye basi pia mnagusisha kupanda na kushuka. Watu wengi wanasahau kugusisha wakati wa kushuka. Mkitoka kwenye metro mkapanda basi ndani ya nusu saa, inahesabiwa safari moja. Na kadi isiishe kabisa, hakikisheni dirhamu 15 zimo kila mnapotoka asubuhi.

Nne, kuhusu simu. WhatsApp ya kupiga huku haikubali. Ujumbe wa maandishi unakwenda, sauti ya kurekodi inakwenda, picha zinakwenda, lakini kupiga hapana. Waambieni watu wa nyumbani kabla hamjaondoka, kwa sababu mama zetu Lamu wakipiga simu mara tatu haiingii, mtaa mzima unaanza kusoma dua. Uwanja wa ndege una intaneti ya bure, tumeni sauti mkiwa bado ndani.

Na mkitaka kuvuka kwenda Bur Dubai kwenye soko la vitambaa, msiende na metro. Nendeni ukingoni mwa mlango wa bahari, pandeni abra. Dirhamu 1 mtu mmoja, hiyo unalipa taslimu ndani ya boti. Mama atafurahi. Mimi nikiwakumbuka watu wa nyumbani huenda kuvuka tu, nikarudi.

KakaMtwapa

Kijana, na Dragon Mart, lile soko kubwa la bidhaa za China, je? Dada ametaja mapambo ya vyumba, na mapambo yanapatikana kule.

KijanaWaWiyoni

Kweli, kaka. Dragon Mart iko International City, metro bado haifiki. Wanajenga njia ya buluu itakayopita huko, imepangwa kufunguliwa 2029. Kwa sasa ni basi au teksi. Kama ni na mama, nendeni kwa teksi siku moja mkamalize yote, msiende mara mbili.

BintiLangoni

Jazakumullahu kheri nyote. Shangazi Ummu, maneno yako nimemsomea mama neno kwa neno, amesema huyo ndiye mtu wa kusafiri naye.

Nimetazama tiketi. Tunabadilisha ndege Nairobi, tunatua Terminal 3, alhamdulillah. Lakini ni Jumapili alfajiri, kabla ya saa kumi na moja. Kwa hiyo metro tutakuta imefungwa. Tusubiri mpaka saa mbili au nimwambie binamu yule mtu wa 150 aje?

Na jambo jengine: siku ya kurudi, na mzigo, tutapanda metro vilevile?

UmmuKauthar_Malindi

Mwanangu, msisubiri, na mtu wa 150 pia asije.

Ukihesabu pasipoti na mabegi mtakuwa nje kama saa kumi na mbili. Kumkalisha mama masaa mawili kwenye kiti cha chuma baada ya usiku wa ndege ili uokoe dirhamu thelathini, hilo silikubali hata kidogo. Mimi natetea metro kwa sababu inamhifadhia mtu pesa na heshima yake. Siku ambayo haimhifadhi, tunaiacha. Salini alfajiri hapo hapo uwanjani, vyumba vya kusalia vipo, mama anyooshe miguu, kisha tokeni mpaka kwenye foleni ya teksi rasmi. Kuna zenye paa la pinki, madereva wake ni wanawake, na mama atapendelea hizo. Mita ikianzia uwanja wa ndege inasoma dirhamu 25 pale pale, usishtuke ukadhani umeibiwa. Mpaka Union ni karibu, haitafika hata nusu ya 150. Anayekufuata ndani kwa ndani akikuuliza "taxi, sister?" mpite kama hukumsikia. Foleni ni ya walio nje wenye mita.

Hoteli nyingi chumba hawakupi mpaka mchana. Waandikie kabla ya safari, waulize kama watawapa mapema na wanaongeza kiasi gani. Kama hawawezi, mabegi watawawekea. Ila kwa mama ningelipa hiyo nyongeza, alale. Siku hiyo msinunue kitu. Jioni baada ya Alasiri nendeni mkanunue kadi zenu, mpande kituo kimoja mpaka Baniyas Square, mtembee, muulize bei tu, mrudi. Mama ataijua njia, na kesho yake hatakuwa na wasiwasi tena.

Maduka mengi ya masoko ya zamani hufunga mchana kuanzia kama saa saba mpaka saa kumi hivi, na Ijumaa kwa ajili ya Sala hufunguliwa jioni. Basi fanyeni asubuhi na jioni, mchana mrudi hotelini. Kama mnakwenda kati ya Juni na Septemba hili si la hiari, jua la kule wakati huo halifanani kabisa na la kwetu.

Ama kurudi na mzigo. Metro inaruhusu begi moja kubwa na moja dogo kwa mtu. Kubwa lisizidi sentimita 81 kwa 58 kwa 30, dogo 55 kwa 38 kwa 20. Marobota ya soko hayaingii, na usijaribu kubembeleza. Na wala usiyabebe kwa ndege. Deira imejaa ofisi za kago zinazopeleka Nairobi na Mombasa, nyengine ziko hapo hapo Naif, na utasikia Kiswahili mlangoni kabla hujauliza. Unachonunua, mwambie mwenye duka akufikishie kwenye ofisi yako ya kago. Wengi wanafanya bila malipo ukinunua jumla. Wewe unatembea na mkoba wako na daftari tu, na hiyo ndiyo inayokuwezesha kupanda metro kutwa bila kuchoka.

Kabla ya kumpa mtu mzigo wako, uliza Waswahili watatu wanne sokoni wanatumia kago ya nani. Usimfuate wa kwanza kwa sababu ni mwenyeji wa kwenu. Kilo zipimwe mbele yako. Risiti iandikwe idadi ya marobota, kilo za kila moja, jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, na ni Mombasa au Nairobi unakochukulia. Kama ni Mombasa, panga mapema na watu wa basi la Lamu, maana mzigo ukilala godauni kuna wanaotoza kwa siku.

Siku ya kurudi, kama mabegi yenu bado ni yale mawili na ndege ni mchana, pandeni metro kutoka Union, treni ya kuelekea Centrepoint safari hii, mshuke Terminal iliyoandikwa kwenye tiketi. Terminal 1 inatangulia, ya 3 ndiyo inayofuata, msishuke na umati.

Ukipata hoteli ya Union niandikie jina kabla hujalipa, nikwambie kama ni upande wa barabara unaomfaa mama.